Fungu la Mbwa

Ambroise Sewap alikuwa mbishi, tena mbishi wa kuzaliwa, na kijiji kizima cha Ziwa Mistik, huko kaskazini kwenye theluji, kilimjua hivyo, kuanzia gatini zinapotua ndege hadi nyumba ya mwisho kule kwenye misonobari. Wanaume wenzake walipoachana na mbwa wa kuvuta vigari vya theluji wakanunua pikipiki za theluji, yeye alikataa katakata. Alibaki na mbwa wake nyuma ya nyumba, kila mmoja na mnyororo wake na kibanda chake, na ukipita asubuhi ungemsikia akiwagombeza na kuwabembeleza kwa pumzi moja.

"Shemeji," Gedeon alikuwa akimwambia, "pikipiki yangu ikikaa bila kazi haili. Hao mbwa wako wanakula kuliko padri."

Gedeon alikuwa kaka wa mkewe, mtu wa mzaha asiyeweza kunyamaza hata kanisani.

"Na siku ikikuzimikia katikati ya ziwa," Ambroise alimjibu, "utaitafuna, au itakuvuta mpaka nyumbani?"

Watu wakaangua kicheko, Gedeon naye akacheka, maana ilishamzimikia kweli, na waliomrudisha nyumbani ni hao hao mbwa, masikio yake yakiwa yameganda yamekuwa meupe.

Sasa, mtu huyu alikuwa mkali katika jambo moja kuliko mengine yote, nalo ni moswa. Moswa ni kulungu, ndiyo, lakini kulungu gani huyo! Anampita farasi kwa kimo, na nyama ya mmoja inalisha nyumba mpaka theluji iishe. Watu wa Ziwa Mistik hawamchezei moswa. Mifupa yake haitupwi chini mbwa wakaiguguna, maana moswa ataona haya, atakasirika, na msimu ujao utazunguka msituni mpaka soli za viatu ziishe bila kuona hata kinyesi chake. Mifupa hutundikwa mtini. Ambroise hakukosa kuitundika hata siku moja, hata ile siku aliyovunjika kidole cha mguu.

Lakini mapafu ni ya mbwa. Hivyo ndivyo alivyofanya baba yake, naye alifanya hivyo hivyo. Akishamwangusha moswa, kabla hajakata hata kipande chake mwenyewe, alipasua kifua, akayatoa mapafu yakiwa bado yanafuka mvuke, akawagawia mbwa pale pale juu ya theluji. Mbwa wamevuta kigari, mbwa wamenusa njia, mbwa wale kwanza. Ndiyo adabu.

Mara nyingine mapafu yalikuwa na vifuko vya maji ndani yake, vingine vikubwa kama yai la bata, vimejibana kwenye nyama, ukivigusa kwa ncha ya kisu vinaruka maji. Mapafu safi wanawake wa nyumba nyingine waliyakausha kwa moshi, ni chakula kizuri. Yenye vifuko hakuna aliyeyataka. Walisema moswa huyo alikunywa maji ya ziwa vibaya alipokuwa ndama. "Ya mbwa hayo," ikasemwa, na habari ikaishia hapo. Hakuna mtu aliyewahi kuugua kwa kula moswa wa namna hiyo. Kwa nini basi mtu awaze?

Ambroise na mkewe Marceline walikuwa na mjukuu mmoja, Delphine. Mama yake, binti yao wa pekee, barafu ilimpasukia miguuni mwezi wa kwanza wa majira ya kuchipua, na maji yakamchukua. Mtoto alikuwa bado ananyonya. Marceline alimlea kwa uji na maziwa ya kopo na kwa mdomo wake mkali, na katika dunia hii yote wazee wale wawili hawakuwa na kitu kingine cha kupoteza.

Delphine alipenda mbwa kuliko watu. Alipofikisha umri wa kuanza shule Ambroise alimpa mtoto wa mbwa, wa kijivu, masikio marefu, wakamwita Wapos, yaani sungura. Alilala naye. Alikula naye, tonge kwako tonge kwangu, mkate wa kukaanga ukipita mdomo huu na ule.

"Ambroise, mwambie mjukuu wako huyo mbwa atoke kitandani!"

"Mwambie wewe. Mimi nitaanza na vita gani, vya kwako au vya kwake?"

"Anamlamba usoni, tazama! Kwa mdomo ule ule aliotoka kujilambia nyuma!"

"Nyanya naye!" Delphine akasema, akimkumbatia mbwa. "Wapos ni msafi kuliko babu Gedeon."

Hata Marceline alicheka siku hiyo. Jamani, walicheka wote.

Kikohozi kilianza baada ya Krismasi. Mwanzoni kikavu, cha kuja na kuondoka, Marceline akampikia majani ya msituni, akampaka mafuta kifuani. Kikakataa. Mtoto akaanza kushika ubavu wa kulia akikimbia, kisha akaacha kukimbia. Akawa anakaa juu ya kibanda cha Wapos, mabega juu, akivuta hewa kidogo kidogo kana kwamba anaiazima.

Wakampeleka kwa nesi. Nesi huyu, Ottilie, alikuwa mgeni kutoka kusini, mrefu, mwenye huruma, na aliishi peke yake kwenye zahanati pamoja na redio yake. Alimgonga Delphine mgongoni kwa vidole, akasikiliza, akagonga tena.

"Kuna maji upande huu," akasema. "Nahofia ni kifua kikuu. Lazima aende mjini."

Marceline akashika ukingo wa meza. Ambroise alikuwa na dada, Eulalie, aliyepelekwa mjini kwa kifua kikuu walipokuwa wadogo. Alipanda ndege amevaa koti la mama yao, akapunga mkono kwenye kioo, na mpaka leo hakuna aliyekuja kuwaambia amezikwa wapi.

"Atakaa huko muda gani?" akauliza.

"Mzee Ambroise, sijui. Miezi, pengine. Ndege itakuja hali ya hewa ikitulia. Mjini daktari atamchoma sindano hapa ubavuni, avute maji, ndipo tutajua."

Wakarudi nyumbani kusubiri ndege. Theluji ilipiga mfululizo, ndege haikuja, na Delphine akawa anakohoa amekaa, hawezi tena kulala chali. Wapos alilazwa miguuni pake, na hata Marceline hakumfukuza.

Asubuhi moja Marceline alikuwa nje akichota maji kwenye tundu la barafu. Delphine akakohoa, akakohoa, macho yakamtoka. Ambroise akamshika paji la uso, akamwekea kikombe. Yakamwagika maji. Hayakuwa makohozi, yalikuwa maji mengi, safi, mtoto akasema, "Babu, yana chumvi," akakohoa tena, na ndani ya kikombe zikaanguka ngozi. Ngozi nyeupe, laini, zilizojikunja, kama ile ngozi ya ndani ya ganda la yai.

Ambroise alikisogeza kile kikombe kwenye mwanga wa dirisha.

Alizijua. Maisha yake yote alikuwa amezitoboa kwa kisu, akazitupa, akafuta mikono kwenye theluji. Zilikuwa ngozi za vile vifuko vya moswa. Zimetoka kifuani mwa mjukuu wake.

"Ni nini hicho?" Marceline alikuwa mlangoni, ndoo mkononi.

"Kamasi," Ambroise akasema.

"Lete nione."

"Kamasi tu, mwanamke! Unataka kuona kamasi?" Akatoka nje mbio, akamwaga kikombe kwenye theluji nyuma ya nyumba, akayafukia yaliyomwagika kwa buti.

Mbwa walimwona, wakasimama wote, wakaanza kutikisa mikia. Walidhani ni chakula.

Alisimama pale. Alijiambia haiwezekani. Mtoto hajawahi kula mapafu yenye vifuko, wala mabichi wala mabivu, Marceline asingekubali. Walioyala ni mbwa. Akamtazama mbwa wa kwanza, wa pili, akamwona Wapos mlangoni ametoka kumfuata, ulimi nje, ulimi ule uliolamba uso wa mtoto asubuhi, mchana na jioni. Akakaa juu ya gogo la kupasulia kuni, na kama ungepita ungemsikia mzee mzima akisema peke yake, "Hapana. Hapana. Hapana."

Wakati huo Gedeon akapita na pikipiki yake, akapunguza mwendo. "Shemeji! Nesi anasema kumetulia kusini. Ndege kesho kukipambazuka!"

Ambroise akaitikia kwa mkono.

Kesho. Kesho watampeleka, na daktari asiyejua moswa wala mbwa atachukua sindano atoboe ubavu ule. Ambroise hakuwa daktari. Hakujua sindano ingefanya nini. Ila alijua vifuko vile, alijua ukivigusa vinavyoruka, na alijua kwamba kimoja kikiwepo kingine hakikosi kuwa jirani yake. Akisema, kijiji kizima kitajua ni yeye. Marceline atajua. Na mbwa? Miaka ile ya kichaa cha mbwa walikuja wanaume wa serikali na bunduki, wakapita nyumba kwa nyumba wakipiga mbwa kwenye minyororo yao, mmoja akikosea anarudia mara ya pili, huku watoto wanatazama dirishani. Akisema, watakuja tena.

Na asiposema, je?

Ukweli usemwe: alikaa. Chai ilipoa ndani, Marceline aliita, hakuitika. Aliwaza kunyamaza, na aliwaza kwa makini kabisa, kama mtu anayechagua pa kukanyaga kwenye barafu nyembamba. Ndipo Delphine akakohoa ndani ya nyumba, kikohozi kirefu kilichoishia kwenye mlio mwembamba, na Ambroise akainuka.

Kwenye dari la kuhifadhia nyama kulikuwa na mabaki ya mapafu yaliyoganda, ya moswa wake wa mwisho, aliyoyaweka akiba kwa ajili ya mbwa. Akayashusha. Akayapasua kwa shoka, na shoka likakata katikati ya kifuko, barafu ya ndani ikang'aa. Akakiyeyusha kipande kwa mikono yake na pumzi yake, ngozi nyeupe ikajikunjua, ikalala kiganjani. Kisha akapiga magoti nyuma ya nyumba, akafukua theluji kwa vidole pale alipomwaga kikombe, akikwangua, kucha zinavuja damu, mpaka akazipata zile za mtoto. Akatia yote kwenye mfuko wa unga, akaenda zahanati bila kofia.

"Mungu wangu, mzee Ambroise, hiki nini? Ondoa mezani pangu!"

"Tazama kwanza, nesi, kisha unifukuze." Akaziweka pamoja, ngozi hii na ngozi hii. "Hii ni ya moswa. Hii ameikohoa mtoto leo asubuhi."

Nesi Ottilie akainama. Akawasha taa ya mezani, akainama tena.

"Nani anakula haya mapafu?"

"Mbwa wangu."

"Mabichi?"

"Mabichi. Yakiwa ya moto. Ndiyo heshima yao."

"Na mtoto analala na mbwa," nesi akasema, si kwa kuuliza. Akaiendea redio.

Redio ile, wenzangu, haikuwa na siri. Kila nyumba ya Ziwa Mistik ilikuwa na redio yake ya kusikilizia na kusemea juu ya kabati, ikiwaka tangu asubuhi, maana bila redio utajuaje nani amekwama wapi? Nesi akisema na mjini, kijiji kizima kinaacha kula kinasikiliza. Ambroise alijua. Alisimama pale pale.

Daktari wa mjini alipoelezwa, alipaza sauti. "Sindano hakuna! Unanisikia, nesi? Mtu yeyote asimguse kwa sindano! Kama kipo kifuko kingine ukakitoboa, sumu ya maji yale inamwagika ndani, mtoto anaweza kukufia mezani. Mlaze akiwa ameinuka. Nitampasua mwenyewe. Mwambie huyo aliyezileta hizo ngozi kwamba amefanya vizuri."

Amefanya vizuri! Ambroise alitamani ardhi ipasuke.

Nesi akamketisha, akamweleza polepole. Ni tegu, akasema, tegu mdogo kuliko punje ya mchele, anakaa kwenye utumbo wa mbwa na mbwa haumwi. Mayai yanatoka na kinyesi, hayaonekani, yanashika kwenye manyoya, kwenye ulimi. Moswa akila majani yenye mayai hayo, yanageuka vifuko kwenye mapafu yake. Mbwa akila mapafu hayo mabichi, tegu anazaliwa upya. Mtoto akilambwa mdomoni, basi, tegu hajui tofauti ya mtoto na moswa.

"Na ningeyachemsha?" Ambroise akauliza.

"Nini?"

"Hayo mapafu. Kabla ya kuwapa. Ningeyachemsha?"

Nesi akaufunga mfuko wa unga. "Tegu wangekufa wote kwenye sufuria," akasema. "Habari ya mbwa tutazungumza kesho, mzee. Nenda ukakae na mtoto."

Chungu kimoja cha maji, basi. Kuni alikuwa nazo, moto aliwasha kila alipoua moswa, akachemsha chai yake pembeni huku mbwa wakila.

Alipofika nyumbani redio ilikuwa imezimwa. Marceline ameketi karibu na jiko, mikono mapajani, na Wapos alikuwa ameshafungwa nje.

"Kamasi," Marceline akasema.

"Marceline—"

"Uliniambia kamasi. Nimesikia kwenye redio, Ambroise! Na mke wa yule mlevi wa kule ng'ambo ya ziwa amesikia, na kila mwenye masikio amesikia, mimi nikiwa wa mwisho katika nyumba yangu! Ulijua tangu asubuhi!"

"Nilijua tangu asubuhi."

"Miaka yote nasema mtoe mbwa kitandani. Miaka yote! Ukanicheka. Mlinicheka wote." Akageukia jiko. "Mama yake alichukuliwa na maji. Huyu nawe unawapa mbwa."

Delphine alikuwa amelala ameegemea mito, mdomo wazi, hajasikia, au amesikia. Ambroise akakaa sakafuni kando ya kitanda mpaka mwanga ukaingia dirishani.

Ndege ilitua kwenye barafu kukiwa na nafasi ya mtu mmoja tu wa kumsindikiza mgonjwa. Marceline akapanda. Ambroise alimbeba Delphine mikononi kutoka kwenye kigari mpaka mlangoni mwa ndege, amefungwa blanketi la manyoya ya sungura, mwepesi kuliko alivyomkumbuka.

"Babu, utanitunzia Wapos?"

"Nyamaza, usichoke," akasema. "Vuta hewa."

Marceline akamchukua mtoto. Hakumtazama mumewe. "Usinisemeshe," akasema, ijapokuwa hakuwa amesema kitu, na mlango ukafungwa.

Ndege ikaondoka. Aliitazama mpaka ikapotea, kisha akaitazama ile sehemu tupu ya mbingu, na wanaume waliokuwa pale wakaondoka mmoja mmoja kwa sababu hakuna aliyejua la kumwambia. Gedeon ndiye alibaki mwisho. "Twende kwangu shemeji, kuna chai," akasema bila mzaha. Ambroise akatikisa kichwa.

Alikwenda nyumbani akatoa bunduki nyuma ya mlango.

Alikuwa ameshaamua usiku ule sakafuni. Wale wanaume wa serikali hawatakuja kuwapiga mbwa wake na kuwakosea. Mbwa hawana kosa. Wamekula walichopewa na mtu waliyemwamini, basi huyo huyo mtu na awamalize, kwa mkono usiotetemeka. Aliwafungua mmoja mmoja, akampeleka kila mmoja nyuma ya misonobari ili wengine wasione, akamsemesha mpaka mwisho. Wakafuata kwa furaha. Walidhani wanaenda kufungwa kwenye kigari.

Wapos alikuwa wa mwisho. Alimtazama Ambroise, akamlamba mkono.

Nesi Ottilie alisikia milio akiwa anavaa buti. Alikuja anakimbia, kitambaa kimemdondoka njiani, na Gedeon nyuma yake. Wakamkuta mzee amekaa kwenye theluji katikati ya minyororo mitupu, bunduki imelala magotini.

"Mzee Ambroise! Umefanya nini? Nilikwambia tutazungumza!"

"Nimewahi kabla yenu."

"Kabla ya nani? Kuna dawa!" Nesi alikuwa analia sasa. "Daktari ameniambia asubuhi hii. Vidonge, unawatia kwenye samaki, tegu wanakufa. Vinakuja na ndege ijayo. Ndilo nililokuwa nakuja kukwambia, mzee wangu, kuna dawa!"

Ambroise akamtazama kama mtu anayeongeleshwa kwa lugha asiyoijua. Kisha akatoa sauti, na Gedeon, aliyemfahamu tangu utoto, anasema hajawahi kuisikia sauti ile kabla wala baada. Gedeon akachukua bunduki taratibu, akaenda nayo kwake. Hakuirudisha kwa muda mrefu.

Delphine alipasuliwa. Kilikuwepo kifuko kingine kweli, chini ya kile kilichopasuka, kikubwa kama ngumi, na daktari alikitoa kizima. Habari hizo zililetwa na nesi, maana Marceline hakutuma neno. Ambroise akawa anakula akikumbuka, anaoga akikumbushwa. Watu walimletea samaki, akawashukuru, samaki wakakauka juu ya meza.

Halafu siku moja mchana nesi akamwita: mtoto ameruhusiwa kuzungumza. Mzee akanyoa ndevu. Akaketi mbele ya redio ya zahanati, akashika kipaza sauti kwa mikono miwili. Kijiji kizima kilikuwa kimya. Mashoka yalisimama, sufuria ziliepuliwa.

"Babu! Babu, unanisikia?"

"Nakusikia, mjukuu wangu." Akaiinamia redio. "Hujambo?"

"Sijambo! Nina kovu refu, nyanya anasema ni refu kuliko lako. Hapa wanakula kitu kinatetemeka, cha rangi nyekundu, si nyama. Babu, nipe Wapos."

Ambroise akaweka kidole kwenye kitufe cha kusemea, hakukibonyeza.

"Babu? Mpeleke nje, ubonyeze hapo, nimsikie tu. Au wabweke wote. Nyanya hataki kuniambia kama wapo salama. Nikimuuliza anatoka nje."

Hakuna kilichosikika hewani ila mkwaruzo. Nesi Ottilie aligeukia dirisha. Na katika ukimya ule, kutoka redio ya nyumba nyingine, ikainuka sauti ya mbwa, ndefu, ya kuomboleza, ikipanda na kushuka. Mwingine akadakia kutoka nyumba ya kando ya gati, na mwingine, mmoja mnene, mmoja mwembamba, mpaka redio ikajaa mbwa.

Sauti zikaisha. Mkwaruzo ukarudi.

"Huyo ni babu Gedeon," Delphine akasema. "Si Wapos. Ni babu Gedeon."

Ambroise akakisogeza kipaza sauti mdomoni.

"Babu." Sauti ilikuwa ndogo sasa. "Umewaua?"

Angeweza kusema hapana. Kijiji kizima kingemsaidia kusema hapana, kingebweka mpaka kiangazi. Akabonyeza kitufe.

"Ndiyo," akasema. "Nimewaua, mama. Nilikosea. Dawa ilikuwepo, nami sikungoja."

"Hata Wapos?"

"Hata Wapos."

Ikaja sauti ya Marceline, ya kwanza kumfikia tangu siku ya ndege, kavu, imechoka. "Ambroise. Amegeukia ukutani, analia. Nifunge?"

"Usifunge," Ambroise akasema. "Nakuomba. Bonyeza tu hapo nisikie."

Marceline akabonyeza, akashikilia. Mtoto alilia kwa muda mrefu sana, kilio cha kwikwi, cha kupaliwa, na babu yake, sikio kwenye redio, alikisikiliza chote mpaka mwisho, na katika kilio kile chote Delphine hakukohoa hata mara moja.